NANI ANAMSUKUMA NANI? Filamu ya Benda Bilili ilivyotutoa machozi Mpanda

Mpenzi msomaji, kama wewe ni mmoja wa wale wanaojigamba kwamba mwanaume mzima halii mbele ya televisheni, wiki hii nimekupatia kiboko yako. Inaitwa Benda Bilili! Itafute, kaa chini uiangalie mpaka mwisho, halafu uje unieleze.

Wala si filamu ya mapenzi. Hamna bosi anayemgeuka mkewe, hamna jini, hamna Mchina anayeruka juu ya mapaa. Ni filamu ya maisha halisi, watu wa kweli na shida zao za kweli, iliyotengenezwa na Wafaransa wawili, Renaud Barret na Florent de La Tullaye, kule Kinshasa. Walianza kuwafuata wahusika wao mwaka 2004, na filamu ikaja kuonyeshwa mwaka 2010. Yaani miaka chungu nzima wanaifuata bendi moja ya mtaani, ikilala njaa, ikigombana, ikisimama tena. Kuna mtoto anaingia kwenye filamu akiwa bwana mdogo mwenye kopo mkononi, na inapokwisha ameshakuwa kijana kamili. Huyo usimsahau, tutamrudia.

Bendi yenyewe inaitwa Staff Benda Bilili. Wakubwa wake wengi ni walemavu wa miguu, polio iliwapitia wakiwa watoto. Wanatembelea zile baiskeli za miguu mitatu za kuzungusha kwa mikono, na nyingine wamezifunga injini zikawa kama pikipiki. Jina ni la Kilingala. Kwa maneno yetu ni kama kusema: tazama zaidi ya sura, usiishie kwenye kile jicho linachokiona.

KONGO TUNAYOIJUA SISI

Sisi wa Katavi Kongo hatusimuliwi. Ukishuka Karema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ndiko Kalemie. Muziki wao tumelelewa nao. Kaseti za Franco, Pepe Kalle na Kanda Bongo Man zimelia hapa Mpanda, nyumbani, kwenye mabasi na kwenye baa, mpaka utepe ukakatika na kuunganishwa kwa gundi.

Lakini ile Kongo ya kwenye kaseti na video ni ya suti za bei mbaya, viatu vinavyong'aa na mabinti wanaojua kuzungusha kiuno. Mlemavu tuliyemzoea kumwona kwenye video hizo ni Emoro, yule mchezaji mfupi wa Pepe Kalle. Tulikuwa tunamshangilia, ndiyo, lakini tuseme ukweli: wengi wetu tulikuwa tunamcheka kwanza.

Benda Bilili! inakugeuzia kibao. Hapa mlemavu ndiye mwenye bendi. Ndiye anayetunga, ndiye anayeimba, ndiye anayepanga nani apige nini na nani afukuzwe mazoezini kwa kuchelewa. Wenye miguu yao miwili ndio wanaosubiri kuambiwa waanze lini.

TULIVYOIANGALIA

Tuliiangalia Makanyagio, kwenye chumba kimoja wanachoonyesha mpira na video, tukiwa washikaji sita pamoja na jamaa mmoja fundi viatu. Nitamwita Fundi, maana ndivyo mtaa mzima unavyomwita. Ni mkubwa kwetu, rika la kaka yangu wa kwanza. Polio ilimpata akiwa mdogo, naye anatembelea baiskeli ya miguu mitatu kama hizo hizo za kwenye filamu.

Mlangoni pa chumba hicho kuna ngazi tatu. Baiskeli ikabaki nje. Tukataka kumbeba, akakataa katukatu, akapanda kwa mikono yake akitutania kwamba sisi tungemwangusha. Nchi hii tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tangu mwaka 2010, na inazungumzia habari za majengo ya umma kufikika. Ngazi tatu hizo bado hazijaisoma.

Filamu ikaanza. Kinshasa usiku, watu wanatambaa, watu wanalala nje, watoto wa mitaani wamejaa kila kona. Dakika kumi tu, jirani yangu kashaanza kuvuta makamasi. Mimi mwenyewe koo limenikaba. Fundi akageuka, akatuangalia mmoja mmoja, akacheka.

"Wadogo zangu, mnalia nini sasa? Hao jamaa wana bendi. Nyie mna nini?"

Chumba kizima kikanyamaza.

MTOTO NA KOPO LAKE

Sasa turudi kwa yule mtoto. Anaitwa Roger Landu. Ni mtoto wa mitaani, umri wake ni wa mtu aliye darasa la sita au la saba. Miguu yake mizima, mikono yake mizima, ila hana kitu. Kitu pekee alicho nacho ni chombo alichokibuni mwenyewe, satonge: kopo tupu, kijiti kilichopinda na waya mmoja wa gitaa. Basi. Waya mmoja! Lakini akianza kuuchezea, huo waya unalia, unacheka, unapiga kelele, unaweza kudhani kuna gitaa la solo limejificha mahali.

Kiongozi wa bendi, Ricky Likabu, ambaye wote wanamwita Papa Ricky, anamsikiliza. Anamchukua. Kwa maisha ya Kinshasa hilo peke yake ni jambo. Mtu asiye na nyumba ya uhakika anamchukua mtoto asiye na nyumba kabisa.

Wazee wa bendi hawamdekezi. Ngoma ni mazoezi. Mtoto akikosea anaambiwa amekosea, akizidisha mbwembwe anarudishwa kwenye mstari. Hakuna cha masikini mtoto wa watu. Wanamtaka apige sawasawa kwa sababu bendi ni chakula chao wote. Na pole pole unaona yule mtoto wa kopo anaanza kunyoosha shingo, anaanza kujua kwamba pale kuna watu wanaomtegemea.

Hapo ndipo nilipomwona Fundi anafuta macho kwa mgongo wa mkono. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, mbona hapa? Mbona kule kwenye shida ulikuwa unacheka?"

Akanijibu bila kuacha kuangalia televisheni: "Mdogo wangu, mimi watu wananipa shilingi mia mbili hata sijaomba. Wanaiweka juu ya meza yangu ya kazi, juu ya viatu vyao wenyewe. Lakini miaka yote hii hakuna mzazi aliyeniletea mtoto wake nimfundishe kushona kiatu."

Msomaji wangu, niliposikia hivyo filamu ikabadilika machoni mwangu.

NANI ANAMSUKUMA NANI

Angalia vizuri utaona. Mitaani Kinshasa watoto wa mitaani wanasukuma baiskeli za walemavu kwenye vilima na mashimo. Picha hiyo kwa haraka haraka unaisoma kirahisi: mzima anamsaidia asiyejiweza. Lakini tulia kidogo. Huyo mtoto anayesukuma, anakula kwa nani? Polisi au wahuni wakimvamia, anakimbilia kwa nani? Nani anamwambia hapana, usivute gundi, njoo mazoezini? Ni huyo huyo aliyekaa kwenye baiskeli.

Roger anaisukuma baiskeli ya Papa Ricky, na Papa Ricky anayasukuma maisha ya Roger. Sasa niambie wewe, nani anamsukuma nani?

Mijini kwetu urafiki na mlemavu tumeugeuza sadaka. Tunamsalimia kwa sauti ya msibani. Tunamchekea hata akisema upuuzi. Tukimdai deni tunaona aibu, tukibishana naye mpira tunamwachia ashinde. Tunadhani ndiyo heshima hiyo. Kumbe rafiki ni yule unayeweza kumkaripia naye akakukaripia, unayemhitaji naye akakuhitaji. Ukimwonea mtu huruma asubuhi hadi jioni, hujawa rafiki yake, umekuwa mfadhili wake, na mfadhili akiondoka hakuna anayemkumbuka.

MOTO

Kipande kinachouma kuliko vyote ni cha moto. Bendi imeshaanza kurekodi, matumaini yamepanda, kila mtu anaota safari. Halafu makazi ya walemavu wasio na nyumba, ambayo baadhi yao walikuwa wanaishi na familia zao, yanateketea. Kilichokuwa kidogo kinakuwa si kitu. Kurekodi kunasimama. Watu wanarudi kulala barabarani.

Hapa hakuna muziki wa kukulazimisha ulie kama kwenye filamu zetu, ule wa kinanda unaoanza kabla hata mtu hajafa. Unawaona tu watu wanahesabu kilichobaki. Coco Ngambali, mtunzi wa bendi, ana wimbo unaoitwa Tonkara. Tonkara ni maboksi, yale makaratasi magumu ambayo mtu wa mtaani anayatandika alale. Sitakutafsiria wimbo wenyewe, nenda kausikilize. Ila ujue mtu anayeuimba hajaambiwa habari za maboksi. Ameyalalia.

Na hawasambaratiki. Wanakutana tena bustani ya wanyama ya Kinshasa, ambako ndiko walikuwa wakifanyia mazoezi. Albamu yao ya kwanza, Très Très Fort, maana yake nguvu sana sana, ilirekodiwa humo bustanini mbele ya Mbelgiji Vincent Kenis. Studio hamna: vipaza sauti kadhaa, kompyuta ya mkononi, na waya mrefu wa umeme uliovutwa kutoka kwenye kibaa kilichoachwa. Albamu ikatoka mwaka 2009. Vijana wa Mpanda mnaolalamika kwamba hamrekodi kwa sababu studio nzuri ziko Dar, hilo nalo mlimeze.

JUKWAANI

Mwaka huo huo 2009 bendi ikapanda ndege. Walipiga Ufaransa, kwenye tamasha la Eurockéennes mjini Belfort, mbele ya bahari ya vijana wa Kizungu ambao wengi hawajui neno la Kilingala hata moja.

Kuna Djunana. Miguu yake ni mifupi na imelemaa, lakini muziki ukimkolea anashuka kwenye kiti, anakuja chini sakafuni na kucheza huko huko kwa mikono na kiwiliwili. Si kwa kuomba. Anacheza kama mtu anayejua kucheza. Wazungu wanapiga mayowe, na pembeni Roger yupo na waya wake mmoja anaukwangua mpaka unadhani kopo litapasuka.

Kwenye chumba chetu cha Makanyagio hapo hakuna aliyelia kwa huzuni. Tulisimama. Kweli kabisa, watu tulisimama mbele ya televisheni tukapiga makofi kama vile wanatusikia. Fundi alikuwa anapiga viganja sakafuni, anacheka na machozi yanamtoka kwa pamoja. Machozi ya namna hiyo hayana jina kwa Kiswahili, au kama lipo mimi sijafundishwa.

Mwaka uliofuata, Mei 2010, filamu ikaonyeshwa kwenye tamasha la Cannes, ikafungua lile onyesho linaloitwa Wiki Mbili za Waongozaji. Watu waliolala juu ya maboksi wakawa wageni wa heshima kwenye mji wa mabilionea.

BAADA YA FILAMU

Ningekudanganya nikiishia hapo. Maisha yaliendelea taa za ukumbini zilipowashwa. Mwaka 2013 bendi ikavunjika. Coco Ngambali na mwenzake Theo Nsituvuidi wakaondoka, wakaanzisha kundi jingine, Mbongwana Star, na mwaka 2015 wakatoa albamu yao. Wengine wakabaki na Papa Ricky wakiendelea na jina lile lile.

Mshikaji wangu mmoja alipolijua hilo alikasirika, akasema basi urafiki wote ulikuwa wa sinema. Mimi sioni hivyo. Bendi ngapi za wazima zimevunjika? Hapa kwetu ukianza kuhesabu utachoka. Tungetaka wao wapendane milele kwa sababu gani, kwa kuwa ni walemavu? Hiyo nayo ni huruma ile ile imevaa shati jingine. Kama mtu ana haki ya kuwa na rafiki, ana haki pia ya kugombana naye na kwenda zake.

WIMBO WA POLIO UNATUHUSU

Sasa nije kwenye kitu kilichonikosesha usingizi. Kwenye albamu yao kuna wimbo unaoitwa Polio. Ndani yake mtu aliyeugua anawageukia wazazi na kuwasihi wapeleke watoto wakachanjwe. Hasemi nioneeni huruma. Anasema mimi yameshanikuta, wewe bado una nafasi. Huyo ndiye rafiki, msomaji wangu. Rafiki hukuonya kabla ya shimo.

Utasema hayo ni ya Kinshasa na ya zamani. Haya, tusikilizane. Tanzania mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili alipatikana mwaka 1996, na mwaka 2015 nchi yetu ikapewa hati ya kuwa huru na ugonjwa huo. Wengi wetu wa umri wangu hatujawahi kumwona mtoto mchanga mwenye polio. Tunawaona watu wazima tu, akina Fundi, tukadhani ni hadithi iliyokwisha.

Machi 2023 jirani zetu Burundi wakatangaza polio imerudi. Miezi michache baadaye mtoto mmoja akathibitika kuwa nayo mkoani Rukwa. Rukwa, ambayo ukipanda basi asubuhi hapa Mpanda unashukia Sumbawanga kabla ya jioni! Septemba 2023 wakapita watoa chanjo nyumba kwa nyumba katika mikoa sita, Katavi yetu ikiwemo, kuwachanja watoto wa chini ya miaka 8.

Kirusi hiki hakina makuu. Kinatoka kwenye kinyesi cha mtu kinaingia mdomoni mwa mwingine, kwa maji machafu au mikono isiyonawa. Wengi wanaoambukizwa hawaumwi hata kichwa, kwa hiyo kinatembea kimya kimya. Kikimpata mtoto vibaya kinaingia kwenye mishipa ya fahamu na miguu inalegea. Dawa ya kuirudisha hamna, si hospitali wala kwa mganga. Kilichopo ni chanjo tu, matone mdomoni na sindano, kabla kirusi hakijafika.

Kipindi kile Fundi alikuwa na kazi ya ziada. Akina mama wakileta viatu anawauliza, "Mama, wamepita kwako? Mtoto kapata matone?" Akisikia mtu anasema chanjo ni mpango wa Wazungu, alikuwa anaigonga miguu yake kwa nyundo ya viatu, taratibu, ko ko ko, halafu anauliza, "Na hii ni mpango wa nani?" Hakuna aliyembishia.

SASA TUFANYEJE

Sikuandika haya ili uifunge gazeti uende ukatafute mlemavu wa kumhurumia. Tafadhali usifanye hivyo, tayari wanao wa kutosha.

Kama una kiatu kimechanika, mpelekee fundi mlemavu, bishaneni bei, na akikosea mwambie arudie. Kama una kibanda cha video, saluni au mgahawa, mwagiza fundi mwashi mmoja akutengenezee mteremko mlangoni. Mchanga na mfuko wa saruji haviwezi kukufilisi. Kama unao wenzako wenye ulemavu na mnalo wazo la kazi, jueni kwamba halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hizo mbili zina wenyewe. Waende wakazidai, na wewe kijana usione haya kuwasindikiza na kukaa nao foleni.

Na kama nyumbani kuna mdogo wako aliyemaliza shule, yupo yupo tu anahesabu magari ya Tabora, mpeleke akajifunze kazi kwa mtu kama Fundi. Asiende kumsaidia. Aende kufundishwa, akaripiwe, achomwe na sindano ya viatu mara mbili tatu mpaka mkono uzoee. Mimi mpwa wangu ameshaanza. Wiki ya kwanza alirudi analalamika kwamba yule mzee ni mkali mno.

Nikamwambia asante Mungu.